Namna ya kuandaa siku ya urithi Ujiji kwa mfano wa Wagarifuna

Sisi wa Ujiji, ambao wengi wetu wazee wetu walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Manyema, tuna mengi ya kujifunza kwa Wagarifuna, watu wenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa Karibiani, ambao Waingereza waliwafukuza kisiwani Saint Vincent mwaka 1797 na kuwashusha Roatán, Honduras.

Kwanza wekeni tarehe moja, wala msiihamishe. Thomas Vincent Ramos alianzisha maadhimisho ya Wagarifuna wa Belize, nchi ya Amerika ya Kati, mwaka 1941, na tarehe 19 Novemba ikawa sikukuu ya nchi nzima mwaka 1977.

Siku yenyewe ianzie majini. Wagarifuna hufika ufukweni alfajiri kwa mitumbwi, wakiwa na ngoma na vijiti vya muhogo vya kupanda, kama walivyofika wazee wao. Nasi tushukie mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, tukiwa na mbegu zetu mikononi.

Chakula kipikwe na watu wa mtaa wenyewe, maana jikoni ndiko watoto wanakosikia mengi. Mkate wao wa muhogo, ereba, unaweza kupikwa hapa kwa muhogo mtamu: umenyeni, mkaukune, kisha mkamue kwa kitambaa kizito mpaka maji yaishe na machicha yavunjike mkononi kama mchanga mbichi. Chekecheni, mtandaze juu ya kikaango cha chapati kilichopata moto bila mafuta, mkigandamiza kwa upawa hadi ushikane, ndipo mgeuze. Wao hutumia muhogo mchungu, ambao maji yake yana sumu. Msiuguse bila fundi. Mkate huo utafaa sana kwa mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa mawese.

Kwa ngoma, wapigaji wawili wanatosha: ngoma iitwayo segunda hushika mdundo usiobadilika, na ile iitwayo primera huchezea juu yake, na katika wanaragua, mchezo wao wa vinyago, mpigaji wa primera humfuata mchezaji, miguu ikimwongoza. Nionavyo, mzee apewe ngoma ya kuongoza na kijana ile ya kushikilia.

Lugha isiachwe mwisho. UNESCO ilipoutambua urithi wa Wagarifuna mwaka 2001, iliitaja lugha pamoja na ngoma na muziki. Kwa hiyo, miezi miwili kabla ya siku hiyo, kila Jumamosi jioni bibi mmoja akae barazani na watoto, awafundishe majina ya samaki, ya upepo wa ziwani na ya sehemu za mtumbwi kwa lugha ya kwao. Siku ya kushuka mwaloni, watoto hao ndio watakaopiga hodi.