Kubadilisha Blanketi la Umeme Lililochakaa na Mahali pa Kulipeleka

Nchini Uingereza, ambako wazee wengi hutumia blanketi la umeme kupasha vitanda joto wakati wa baridi, wataalamu wa usalama wa umeme hushauri libadilishwe baada ya miaka 10 hivi, hata kama bado linapata moto, kwa sababu nyaya nyembamba zilizomo ndani huchakaa kwa kukunjwa na kulaliwa bila dalili kuonekana nje.

Usingoje muda huo utimie ukiona alama za kuungua, kitambaa kilichochanika, waya uliochomoza au sehemu moja inayopata moto kupita nyingine. Chomoa plagi papo hapo, usilitumie tena, na tafadhali usijaribu kuunga waya mwenyewe.

Usinunue la mtumba hata likiwa bei rahisi, kwa kuwa huwezi kujua lilivyotunzwa. Chagua jipya lenye alama ya UKCA (ya Uingereza) au CE (ya Ulaya), zinazoonyesha kuwa kifaa kimetengenezwa kufuata masharti ya usalama, linalojizima joto linapozidi, na usilitumie pamoja na chupa ya maji ya moto. Msimu wa joto lihifadhi likiwa limeviringishwa au limetandazwa, kwa maana mikunjo mikali ndiyo inayovunja nyaya.

La zamani lisitiwe kwenye pipa la taka za nyumbani wala lisigawiwe jirani. Likiwa limechomolewa, likate waya wa plagi ili asiliokote mtu akalitumia, kisha ulipeleke kwenye kituo cha halmashauri kinachopokea vifaa vya umeme, au uulize dukani unakonunua jipya kama wanapokea la zamani.