Umeahidiwa kazi kwenye meli ya utalii? Ikague meli kwanza, usikimbilie kutuma hela

Vijana wa Mbeya, Tukuyu, Kyela mpaka Iringa huko, hizi meseji za ajira za meli zimezidi sasa. Unatumiwa picha ya meli nyeupe inang'aa, mshahara wa dola, alafu chini "tuma hela ya viza leo nafasi zinaisha". Kabla hujaenda kwa wakala wa kutuma hela pale Mwanjelwa muombe huyo aliyekutumia meseji kitu kimoja tu, namba ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) ya meli yenyewe.

Namba ya IMO ni tarakimu saba, meli inapewa ikijengwa na inabaki nayo mpaka inakatwa. Ni kama chesisi namba ya haya malori yanayopita Tunduma, rangi itabadilika, pleti itabadilika, mwenye mali atabadilika, ila chesisi ni ile ile. Jina la meli lisikuzuge kabisa. Kuna meli ilianza kazi 1948 inaitwa Stockholm, 1956 ikagongana na meli ya Italia, Andrea Doria, karibu na Marekani na Andrea Doria ikazama, yenyewe ikarekebishwa ikaendelea na kazi, ikauzwa Ujerumani Mashariki ikapewa jina la Völkerfreundschaft, miaka ya tisini Waitaliano wakaijenga upya karibu yote, ikapita majina mengine kibao mpaka ikaishia kuitwa Astoria. Majina yote hayo meli moja, IMO 5383304.

Sasa namba ukipewa usiiamini hivi hivi, ipigie hesabu. Chukua tarakimu sita za mwanzo uzidishe kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa kufuatana alafu ujumlishe, tarakimu ya mwisho ya jibu lazima iwe ndo ile ya saba. Tujaribu na hiyo ya Astoria: 35+18+40+12+9+0 inakuja 114, mwisho 4, na namba inaishia na 4, safi. Ikigoma basi ujue namba imekosewa au jamaa kaitunga, na matapeli wengi hesabu hawana habari nayo. Ikikubali bado hujamaliza maana anaweza kuwa kaiokota mtandaoni.

Hapo ingia Equasis, tovuti ya taarifa za meli, kujisajili bure, iweke namba utaona meli imejengwa mwaka gani, bendera ya nchi gani, nani mwenye mali, imewahi kuitwaje, na wakaguzi wa bandarini wameikuta na makosa gani au hata kuizuia isiondoke. Hapa ndo utamu ulipo. Angalia kama meli bado ipo hai, sababu baada ya Korona 2020 meli nyingi za utalii zilipelekwa Aliağa kule Uturuki kukatwa vyuma, mfano Carnival Fantasy ya 1990, na Astoria nayo iliacha kubeba abiria 2020. Mtu akikuahidi kazi humo leo anakuuzia hewa.

Uzee peke yake mimi haunitishi, Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani 1913 na imebeba watu vizazi na vizazi. Meli nzee iliyotunzwa naipanda, ila iliyobadilishwa bendera na mwenye mali kila baada ya muda mfupi na imezuiwa bandarini mara kadhaa, hiyo waachie wenyewe.

Kuhusu hela sasa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unakataza kumtoza baharia hela ya kumtafutia kazi, wewe unaweza kulipia paspoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya, VIZA NI YA MWENYE MELI. Kwahiyo ile meseji ya viza imeshajijibu. Na kama kakwambia hamna haja ya mafunzo ya usalama, yaani kuzima moto, kujiokoa majini na huduma ya kwanza, muulize meli gani hiyo, hata muosha vyombo anayafanya, hapa kwetu nenda DMI, chuo cha mambo ya bahari pale Dar, na uhalali wa wakala wa ajira za meli ulizia TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini.

Ukishavuka hapo dai mkataba wa maandishi usome masaa, kisheria mapumziko hayapungui masaa 10 kwa siku na 77 kwa wiki, kazi za meli sio lelemama. Angalia pia kama wameandika nauli ya kukurudisha nyumbani mkataba ukiisha, hiyo nayo ni ya mwenye meli.