Seva yako ya Remote Desktop inabeba watu wangapi? Pima kabla ya tarehe 20

Simu huwa inaita asubuhi ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT TRA. "Kaka, sistimu imeganda tena." Ni dada wa uhasibu. Yuko kwake Usa River, seva iko ofisini Njiro, anaitumia kwa Remote Desktop, yaani anafanya kazi ndani ya seva akiwa mbali, na kila herufi anayoandika inamtokea kwenye kioo baada ya sekunde mbili. Ukimuuliza bosi seva ile inatakiwa kubeba watu wangapi, atakutajia idadi ya wafanyakazi wote: 40. Namba hiyo usiitumie kupimia mzigo.

Ofisi ni ya utalii. Seva ina Windows Server, RAM GB 64, prosesa yenye kori 8 na diski za SSD. Namba nitakazotaja ni za hapo tu. Zako zitakuwa tofauti, lakini njia ya kuzipata ni hii hii.

Hatua ya 1: Hesabu walio ndani

Fungua dirisha la amri kwenye seva, andika quser. Utaona majina ya walioingia, hali ya kila sesheni (Active, yaani yuko kazini, au Disc, yaani amekatika bila kutoka) na dakika ambazo mtu amekaa bila kugusa kitu. Fanya hivyo saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri kwa wiki mbili, na tarehe 20 iwemo. Kama huna muda wa kukaa ukihesabu, nenda Event Viewer, kwenye logi ya TerminalServices-LocalSessionManager: tukio namba 21 ni mtu kaingia, 23 katoka, 24 kakatika, 25 karudi kwenye sesheni yake ileile.

Kati ya wale 40, siku za kawaida nilikuta 11 wako Active. Tarehe 20 walifika 19. Hiyo 19 ndiyo namba ya kupigia hesabu.

Kulikuwa pia na 6 wa Disc. Hawa wamebonyeza ile X, wamefunga kompyuta na kwenda zao wakidhani wametoka. Hawajatoka. Programu zao zote ziko wazi na RAM wameikalia.

Hatua ya 2: Mpime mtu mmoja wa kweli

Usijipime mwenyewe, maana fundi huingia, akafungua Notepad, akaona mambo mepesi. Kaa na mhasibu akiwa kazini, kisha na mtu wa bukingi, uangalie sehemu ya Users kwenye Task Manager. Mhasibu wetu na Excel yake alikula GB 0.9. Wa bukingi, mwenye kurasa ishirini za hoteli kwenye kivinjari, alikula GB 2.3. Idadi yao inakaribiana, kwa hiyo nikachukua wastani wa GB 1.6.

Hatua ya 3: RAM na prosesa

Toa kwanza vya mwenye nyumba. Kwenye GB 64, mfumo wenyewe niliuachia 4. SQL Server, programu inayotunza data, nikaifungia 12, kwa sababu usipoiwekea kikomo itajichukulia RAM kadiri inavyoipata. Zikabaki 48. Acha asilimia 20 ya dharura, zinabaki 38.4. Gawa kwa 1.6: watu 24, na wale wa Disc wamo humo. Ukiwa na Disc 6, nafasi halisi ni 18 tu. Nenda kwenye sera za seva (Group Policy), weka sesheni iliyokatika ijifunge baada ya dakika 120.

Prosesa ni hesabu fupi. Seva ikiwa haina mtu ilikuwa asilimia 2, watu watano wakifanya kazi ikawa 17. Kila mmoja ni 3. Usivuke 70: toa 2, gawa kwa 3, unapata 22.

Hatua ya 4: Faiba, upande wa kupakia

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mtu akiwa nyumbani, seva ndiyo inayomtumia picha za kioo, kwa hiyo kinachobanwa ni spidi ya kupakia ya ofisi. Ile ya kupakua, inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo la kifurushi, haikusaidii sana hapa.

Pima kwa iperf3, programu ya kupima spidi ya mtandao, ukiwa umeshaingia kwenye VPN, ile njia iliyosimbwa ya kufikia mtandao wa ofisi. Ofisini washa iperf3 -s. Ukiwa nje andika iperf3 -c, anwani ya seva, na mwishoni weka -R. Usiisahau hiyo -R. Bila hiyo, data inatoka kwako kwenda ofisini, yaani unapima upakuaji wa ofisi na kufurahia namba isiyo yako. Mimi nilishaifurahia mwezi mzima. Wakati kipimo kinaendelea, tupia jicho prosesa ya rauta. Rauta ndogo inaweza kufika asilimia 100 kwa kusimba data ya VPN kabla faiba haijajaa. (Na kama umefungua poti 3389, mlango wa Remote Desktop, moja kwa moja kwenye intaneti ili ukwepe VPN, acha kusoma, kaifunge kwanza.)

Usiku nilipata Mbps 9. Saa 4 asubuhi, Mbps 6. Watano waliokuwa kazini walitumia Mbps 1.25 kwa pamoja, yaani 0.25 kila mmoja. Asilimia 70 ya 6 ni 4.2, gawa kwa 0.25: watu 16.

RAM 24, prosesa 22, faiba 16. Ndogo kuliko zote ndiyo uwezo wa seva. Tarehe 20 tunahitaji 19, ndiyo maana simu inaita.

Nilifuatilia zile Mbps 3 zinazopotea mchana. Sehemu kubwa ilikuwa picha za safari zinazopandishwa mtandaoni, simba wa Ngorongoro kwa mamia, na iliyobaki ni kamera za ulinzi. Picha nikazihamishia usiku, kamera nikaziwekea foleni kwenye rauta ili zisiipite kazi ya watu. Nikapima tena saa 4 asubuhi: Mbps 8. Asilimia 70 ni 5.6, watu 22.

Aliye kambini porini kwa setilaiti ya mbali, yenye ucheleweshaji wa milisekunde 600, ataendelea kulalamika. Huyo hata ukimnunulia seva mbili hutamsaidia.

Hatua ya 5: Umeme unaporudi

Kuingia upya kunaitesa seva kuliko kazi yenyewe: wasifu wa mtu (mafaili na mipangilio yake) unafunguliwa, programu zinawaka, diski inasomwa na wote kwa mpigo. Waombe watu kumi waingie dakika ileile, wewe uangalie Avg. Disk sec/Read, muda wa diski kusoma, kwenye Performance Monitor. Ikikaa juu ya sekunde 0.025, tatizo ni diski.

Kwetu seva ilikuwa na UPS, betri ya akiba, lakini kile kiboksi cha faiba ukutani hakikuwa nayo. Umeme ukikatika, wote wanatupwa nje huku seva inanguruma vizuri tu. Nilivuta waya wa mita mbili kutoka kwenye UPS, basi. Na akikatika mtu kwa sababu zake, zile dakika 120 zinamrudisha kwenye sesheni aliyoiacha bila kuanza upya.

Hatua ya 6: Leseni

Hapa tunarudi kuhesabu majina ya wote wenye ruhusa, si walio ndani tu. Bila leseni za Remote Desktop, Windows Server inakupa sesheni mbili tu za usimamizi. Ukiweka huduma yenyewe unapewa siku 120 za kujaribu. Baada ya hapo leseni huhesabiwa kwa mtu au kwa kifaa, si kwa walio ndani kwa wakati mmoja. Wenye ruhusa ya kuingia wakiwa 26, nunua 26.

Ndani ya mlango wa kabati la seva nimebandika karatasi: RAM 24, prosesa 22, faiba 22, kilele 19. Juni msimu unaanza na bosi anaongeza vibarua watano wa bukingi. 19 na 5 ni 24, kwa hiyo nimeshamwambia: Mei tunaongeza spidi ya kupakia na kori, RAM inafika ukingoni, na seva mpya anayoitaka isubiri.