SOMO: Baiskeli inakutikisa? Soma ubavu wa tairi kabla ya kununua gurudumu kubwa

Wakuu, salaam. Kila nikipita kwa fundi namkuta mtu anataka kuuza baiskeli yake ya gurudumu la inchi 26 achukue ya 28, eti mashimo yasimuumize. Ngoja kwanza.

Hatua ya 1. Inama, futa vumbi ubavuni mwa tairi. Utaona kitu kama 47-559. 47 ni upana kwa milimita, 559 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Inchi usiziamini sana: 26 x 1.75 ni 559, lakini 26 x 1 3/8 ni 590. Niliwahi kuuziwa hilo la pili Kariakoo. Fundi alipolivisha likapwaya kama kandambili ya baba mguuni mwa mtoto.

Hatua ya 2. Piga hesabu. Kwenye shimo la upana wa sentimita 20, gurudumu la 20 linazama kama sentimita 2, la 26 kama 1.5, la 29 kama 1.4. Kutoka 20 kwenda 26 mgongo utashukuru. Kutoka 26 kwenda 28, tofauti utaitafuta kwa tochi.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye raha yenyewe: punguza upepo. Mafundi wetu wakishika pampu hujaza mpaka tairi ukiligonga linalia kama ngoma. Angalia PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) ya chini na ya juu zilizoandikwa ubavuni, ucheze humo katikati. Mimi nina kilo 72. Kwenye 47-559 naweka 35 mbele na 42 nyuma, maana nyuma ndiko kwenye uzito. Tegeta hadi Mwenge nafika vidole havijafa ganzi. Ukizidisha kupunguza, shimoni rimu litabana tyubu, upate pancha ya matundu mawili pacha.

Hatua ya 4. Fremu ikiwa na nafasi, ongeza upana wa tairi: milimita 50 badala ya 40.

MASWALI

Mkuu, naweza kufunga rimu la 28 kwenye fremu ya 26?
Hata likiingia, kama breki ni za kubana rimu zitapishana nalo kwa milimita 31 hivi. Utasimama kwa miguu.

Mimi niko Mbagala ndani, mchanga mtupu. 29 itanisaidia?
Kidogo sana, dada. Mchangani kinachokubeba ni tairi pana lenye upepo mdogo.

Nabeba madumu manne ya maji. Nami nipunguze?
Kaka, madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, huyo ni abiria mzima! Nyuma jaza hadi karibu na kikomo. Raha itafute kwenye kiti cha springi.