Kuchagua televisheni bapa na kuutuliza mwendo wa picha yake

Shemeji yangu wa Tabata alinunua televisheni ya inchi 55 mwezi wa Ramadhani, na kabla ya Idi alikuwa ameshanipigia simu mara tatu akilalamika kwamba filamu zinaonekana kama video ya harusi na kwamba katika mechi wachezaji wanakwenda kwa kushtukashtuka. Kazi yangu ni kufunga ving'amuzi na televisheni, hivyo nilidhani ni shughuli ya dakika kumi. Niliondoka kwake saa tano usiku. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata sasa kwa kila mteja.

Hatua ya 1: Ukubwa

Pima umbali kutoka kwenye kochi hadi ukutani, kisha ugawe kwa moja na nusu, upate urefu wa kioo kutoka kona hadi kona. Inchi 55 ni karibu sentimita 140, kwa hiyo kochi likae kama mita 2.1 kutoka kwenye kioo.

Hatua ya 2: Hezi za kioo chenyewe

Hezi ni idadi ya mara ambazo kioo huchora picha upya kila sekunde, na vioo vingi vilivyopo madukani ni vya hezi 60 au 120. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi si lazima iwe hiyo, kwa sababu kila kampuni ina jina lake la kibiashara la kutuliza mwendo, kama TruMotion ya LG au Motionflow ya Sony, na namba inayoambatana na majina ya namna hii inaweza kuwa mara mbili ya hezi halisi au hata zaidi. Muuzaji akikujibu kwa jina badala ya namba, chukua namba ya modeli iliyo kwenye stika ya nyuma na uitafute kwa simu kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa bado umesimama dukani. Kwa nyumba inayotazama taarifa ya habari na tamthilia, hezi 60 zinatosha kabisa. Fedha inayobaki ni afadhali iende kwenye kioo chenye rangi nzuri.

Hatua ya 3: Nenda na flashi yako

Video za dukani huwa ni maua na samaki wa rangi wanaosogea taratibu, na hakuna televisheni isiyopendeza kwa video hizo. Weka kwenye flashi dakika mbili za mpira na kipande cha filamu ambamo kamera inageuka polepole kupita mitaani, kisha omba picha itolewe kwenye hali ya maonyesho ya duka kabla ya kutazama.

Hatua ya 4: Chunguza chanzo kabla ya kugusa televisheni

Hapa ndipo jioni yangu yote ilipopotelea. Matangazo ya televisheni ya kwetu yamerithi mfumo wa picha 50 kwa sekunde, lakini king'amuzi cha shemeji kilikuwa kimepangwa kutoa picha kwa hezi 60. Ili kuziba pengo hilo, king'amuzi hurudia picha moja katika kila picha tano, maana yake mwendo hujikwaa mara kumi kwa sekunde, na hakuna mpangilio wa televisheni unaoweza kuuponya vizuri. Nilihangaika na menyu za televisheni zaidi ya saa mbili kabla ya kulitambua hilo.

Kipimo ninachokiamini ni yale maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari. Yakiteleza sawasawa, chanzo ni kizima. Yakichechemea kama mtu mwenye mwiba mguuni, ingia kwenye menyu ya king'amuzi, upande wa video, na uchague 1080i au 1080p ya hezi 50. Skrini inaweza kuwa nyeusi kwa sekunde chache, kisha ukaulizwa kama unakubali badiliko. Usipobonyeza OK kwa wakati, king'amuzi kitarudi kwenye mpangilio wa zamani, nawe utadhani umebadilisha. Mimi nilidhani hivyo mara mbili.

Hata hivyo, usikipeleke kisanduku cha intaneti, kile cha kutazamia filamu za mtandaoni, kwenye hezi 50 kwa mkumbo huohuo. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo kisanduku kinahitaji kuwashiwa kipengele cha kufuata mwendo wa asili wa video, kama kinacho. Picha 24 huingia mara tano kamili katika hezi 120, lakini kwenye hezi 60 picha moja hukaa kwa mizunguko mitatu na inayofuata miwili, na ndiyo sababu kamera ikigeuka polepole majengo huonekana kusitasita.

Hatua ya 5: Tenganisha mshtuko na ukungu

Televisheni nyingi zina vipimo viwili vya mwendo kwenye menyu: cha kupunguza mshtuko wa picha na cha kupunguza ukungu wa vitu vinavyokwenda kasi. Cha kupunguza mshtuko hubuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga, na hicho ndicho kinachoifanya filamu ifanane na video ya harusi. Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi kuwasihi watazamaji wakizime. Kwa filamu nakiweka sifuri, au nachagua Filmmaker Mode, hali ya picha inayozima ubunifu huo, pale ilipo. Kwa mpira navumilia mbili au tatu kati ya kumi, maana zaidi ya hapo miguu ya wachezaji huzungukwa na kivuli kama mvuke. Cha kupunguza ukungu unaweza kukipandisha hadi nusu kwenye kioo cha hezi 120. Kipengele kinachoingiza giza kati ya picha husafisha mwendo kwelikweli, ila hupunguza mwanga na huwachosha wengine macho kwa kumetameta, mimi nakizima. Kwa michezo ya kompyuta washa hali ya mchezo, kwa sababu kubuni picha huchelewesha rimoti ya mchezaji.

Hatua ya 6: Rudia kwa kila tundu

Televisheni nyingi huhifadhi mipangilio hii kwa kila tundu la HDMI na kwa kila hali ya picha peke yake, kwa hiyo tafuta chaguo la kuitumia kwa vyanzo vyote, au urudie kazi kwa mkono, ukikumbuka pia programu za ndani ya televisheni. Wiki moja baadaye shemeji alinipigia tena: alikuwa amehamisha king'amuzi kutoka HDMI 1 kwenda HDMI 2 ili spika yake mpya ipate nafasi, na video ya harusi ilikuwa imerudi.