Projesteroni juu ya estrojeni: soma boksi kabla hujalipa

Haya ni kwa wanawake waliobadili jinsia (trans), wanaotumia estrojeni, homoni ya kike, na wanataka kuongeza projesteroni, homoni nyengine ya kike. Mwenzetu mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, Zanzibar, alinijia na dawa keshainunua, hajui ni ipi. Kama una daktari unayemwamini, mfuate yeye. Kama huna na estrojeni unajitumilia mwenyewe, angalau fuata haya.

1. Pima damu. Estradioli (ndiyo estrojeni inayopimwa kwenye damu), testosteroni (homoni ya kiume) na hali ya ini. Maabara ikikupa estradioli kwa pmol/L, gawa kwa 3.67 upate pg/mL. Estrojeni haijatulia? Usiongeze kitu.

2. Jina la dawa. Ukiomba "projesteroni" dukani Darajani, muuzaji atadhani ni mambo ya uzazi wa mpango, na utapewa chochote cha jamii hiyo. Ile sindano ya miezi mitatu, Depo-Provera, siyo. Ni medroksiprojesteroni, na ukishachomwa huwezi kuitoa. Vidonge vya Provera ni dawa hiyohiyo. Utafiti wa Marekani wa Women's Health Initiative, mwaka 2002, uliwakuta wanawake waliokoma hedhi waliomeza dawa hiyo pamoja na estrojeni wakipata saratani ya matiti na damu kuganda zaidi ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Duphaston nayo siyo, ni didrojesteroni. Ukiona "hydroxy" mbele ya jina, rudisha. Vidonge vya majira usiviguse kabisa, vingi vina estrojeni na projestini (dawa iliyotengenezwa kuiga projesteroni) nyengine ndani. Na kama unazuia testosteroni kwa dawa ya siproteroni, hiyo yenyewe ni projestini kali, sioni haja ya kuongeza ya pili.

Unachotaka ni kapsuli laini iliyoandikwa "progesterone" au "micronised progesterone", 100 au 200 mg. Soma na viambato: baadhi zina mafuta ya karanga, na mwenye mzio wa karanga asizimeze. Boksi lisilo na namba ya toleo wala tarehe ya kuisha, mimi silinunui hata kwa bei ya bure.

3. Meza usiku. Anza na 100 mg ukienda kulala, si pamoja na chakula. Inaleta usingizi mzito, kwa hiyo vespa iache nyumbani. Ramadhani haisumbui.

4. Usitarajie makubwa. Mwongozo wa 2022 wa WPATH, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, haupendekezi projesteroni, kwa kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba faida zake, kama kukuza matiti, zinazidi hatari zake. Ukizidiwa na huzuni, iache.

5. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi zikikata, kichwa kikiuma kuliko kawaida au macho yakififia: nenda hospitali saa hiyohiyo, Mnazi Mmoja au iliyo karibu. Chukua maboksi yote. Daktari wa dharura anataka majina ya dawa na lini umemeza mara ya mwisho. Hayo mwambie bila kuficha.