Wakoloni Wanaopigania Uhuru? Namna ya Kuwafundisha Watoto Wetu Vita vya Uhuru wa Marekani vya 1775

Mwaka wa kwanza nilianza vibaya. Nilisimama mbele ya watoto kumi na mmoja wa darasa la nne na la tano, kwenye darasa letu la Jumamosi katika chumba cha chini cha kanisa hapa Columbus, Ohio, Marekani, nikatamka kwa kujiamini: "Mwaka 1775 wakoloni waliasi ili wapate uhuru." Kijana mmoja, wazazi wake watu wa Uvira, akanyoosha mkono. "Mwalimu, wakoloni si ndio wanaofukuzwa?"

Nilifundisha shule ya msingi Korogwe miaka 22, na swali lile sikuwa nimelitegemea. Kwetu mkoloni ni Mjerumani, Mwingereza, Mbelgiji, na uhuru ni siku aliyofungasha virago. Vitabu vya shule za hapa vinawaita walioasi kwa neno la mzizi uleule, colonists, na mtoto anayewaza kwa Kiswahili anaona kichwa chini miguu juu.

Kwa hiyo anza na maneno, kabla hujagusa tarehe. Sema walowezi. Chora ubaoni makundi manne: Mfalme George wa Tatu na Bunge lake London, walowezi wa makoloni 13 ya pwani ya mashariki, wenyeji wa ardhi, kama Wamohawk na Waoneida, na Waafrika waliokuwa watumwa. Ugomvi ulianza baina ya makundi mawili ya kwanza. Hayo mengine mawili usiyafute, utayahitaji. Neno mapinduzi, tafsiri ya "Revolution" ya vitabu vya hapa, nalo liweke kando. Mimi likinijia naona Zanzibar 1964, na wazazi wa watoto hawa wanasikia redio imekatika na askari wamejaa barabarani. Vita vya Uhuru wa Marekani inatosha.

Kodi zifundishe kwa chai, kwa kuwa Jumamosi tunakunywa chai hata hivyo. Eleza kwamba Uingereza ilikuwa imetoka kwenye vita na Ufaransa vilivyokwisha 1763, ikabaki na deni kubwa. Mwaka 1765 ikaja kodi ya stempu: magazeti, hati, hata karata na dadu. Watoto hukasirika hasa kwenye karata. Kisha uliza: nani aliulizwa? Walowezi hawakuwa na mbunge hata mmoja kule London. Hapo ndipo pa kukaa, maana ukifika usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, walipotupa baharini makasha zaidi ya 300 ya chai katika bandari ya Boston, watoto watadhani bei ilipanda. Haikupanda. Sheria ya mwaka ule iliishusha bei ya chai ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Kilichowachoma walowezi ni kodi iliyobaki ndani yake. Waliotupa chai walijifanya Wamohawk kwa mavazi. Lisimulie hilo, lakini usiwavalishe watoto manyoya.

Lexington, kijiji cha karibu na Boston, tarehe 19 Aprili 1775, ndipo mahali nipapendapo. Wanajeshi wa mfalme walikuwa njiani kwenda Concord kutafuta silaha, wakakutana na wanamgambo wachache uwanjani alfajiri. (Mgambo kwangu ni yule anayewakimbiza wamachinga, ila neno linafaa: wakulima waliofanya mazoezi ya kivita kijijini.) Risasi ikalia. Nani aliifyatua kwanza hakujulikana hadi leo, na walowezi wanane wakafa.

Ligawe darasa mara mbili. Upande mmoja uandike barua kwa niaba ya Jenerali Gage, kamanda wa mfalme Boston, upande wa pili kwa niaba ya wanakijiji. Zifunge kwenye boksi la viatu, mwambie kila mtu kwamba London ni ng'ambo ya bahari, na hakuna simu. Barua ya wanakijiji ifungue baada ya Jumamosi sita. Ya jenerali iache hadi ya nane. Ndivyo ilivyokuwa: Gage alituma taarifa yake kwanza, lakini nahodha John Derby wa Salem, kwa jahazi dogo lisilo na mzigo, aliiwahi, akafika London tarehe 28 Mei na ushahidi wa walowezi. Wale wa upande wa jenerali hulalamika wameonewa. Waache walalamike.

Bunduki za mbao usilete. Siku moja niligonga meza kuigiza mlio, na binti mmoja akaniomba, kwa adabu sana, nifungue mlango na niuache wazi. Tangu hapo vita nasimulia kwa ramani na sauti ya kawaida.

Mapigano ya Trenton, Saratoga, Yorktown: dakika kumi zinatosha, ilimradi wajue kwamba Oktoba 1781 meli za Ufaransa ndizo zilizomfungia Cornwallis, jenerali wa mfalme, njia ya bahari huko Yorktown. Muda utakaookoa mpe James, mtumwa wa Virginia aliyeingia kambi ya Cornwallis akijifanya mtumishi, akawa anapeleka siri kwa Lafayette, jenerali Mfaransa aliyepigana upande wa walowezi. Vita vikaisha, mkataba ukatiwa sahihi Paris 1783, na James akarudi utumwani. Aliachiwa huru 1787 tu, baada ya kuliomba bunge la Virginia, akachukua jina la Lafayette.

Malizia na wale waliochagua upande wa mfalme kwa sababu ndiye aliyewaahidi uhuru. Waafrika wapatao 3,000 waliandikwa kwenye daftari New York mwaka 1783, wakasafirishwa, wengi wao hadi Nova Scotia, sehemu ya Kanada ya leo. Mwaka 1792 karibu 1,200 walivuka tena bahari, wakaanzisha Freetown, Sierra Leone. Wape watoto uzi na pini wafuate safari hiyo kwenye ramani ya ukutani, kutoka Virginia. Wangu uliisha katikati ya Atlantiki, kwa hiyo nunua mrefu.